Kura Arubaini na Moja

Alishinda kwa kura arubaini na moja,
na tangu siku ile huja watu, mmoja mmoja,
kumwambia mheshimiwa kwa sauti ya siri:
"Ile ya mwisho ilikuwa yangu."

Mimi ni karani wake. Naandika.
Ofisi ya wadi ni chumba cha mbele cha marehemu babake,
hapa Jomvu Kuu. Feni haizunguki,
kalenda ni ya mwaka juzi, ya duka la saruji,
na viatu vimejaa mlangoni tangu alfajiri.

Bi Mwanamize: karo ya mjukuu, salio elfu kumi na mbili.
Bwanakheri: maiti imezuiliwa hospitali, bili haijalipwa.
Kijana aliyekataa kutaja jina: kazi.
Kazi yoyote, hata ya kusimama getini.
Mzee Athmani Mwinyikombo hana shida,
amekuja kuona kama kiti kimembadilisha.

Kabla ya reli, kabla ya bomba la mafuta,
kabla makontena hayajaanza kupandana mgongoni,
watu hawa walikuwa hapa.
Kila mgombea hulisema hilo jukwaani,
akishuka hulitema pamoja na kokwa ya tende.
Lakini ramani iliyobandikwa ghorofa ya pili, mjini,
imetupaka rangi ya kijivu,
ndani ya kijivu nambari,
chini ya nambari maneno mawili:
ARDHI TUPU.

Tupu.
Na kitovu changu kimo humo.

Jumanne ripoti ya ardhi ikaletwa barazani.
Alipewa dakika tano.
Nilimwandalia hotuba, kurasa tatu,
yenye "kwa mujibu wa" nne na "aidha" sita.
Aliiacha mkobani.
Akasimama, akavuta mtandio, akasema:
"Bwana Spika, nitasoma waliomo katika ardhi tupu."

Akaanza na makaburi.
Mwinyikombo wa Shee.
Mwanatumu binti Msellem, aliyechimbisha kisima kwa bei ya vikuku vyake.
Mbwarali, baba yangu, fundi wa kuezeka,
ambaye hakupokea ujira wa kazi ya Ijumaa.
Mtoto wa Bi Mwanamize, aliyeishi usiku mmoja,
hakuwahi kupewa jina, Bwana Spika,
lakini ana futi zake mbili.

Diwani wa wadi jirani alicheka. Kisha akaacha.
Taa ya manjano. Taa nyekundu.
"Mheshimiwa, muda."
"Bwana Spika, sijawafikia walio hai."
Kipaza sauti kikazimwa.
Midomo yake ikaendelea,
na mimi kule juu kwa wageni
niliisoma kama mtu asomaye barua kwa dirisha.

Ripoti ikarudishwa kamatini.
Huo si ushindi. Ni jino bovu lililoahirishwa.
Ila jioni mwandishi wa kumbukumbu rasmi alinipigia simu:
"Msellem ni L moja au mbili?"
Mbili, nikamwambia.
Tafadhali, andika mbili.

Uani, shangazi yake alikuwa akipepeta mchele.
"Umetuletea nini huko mjini?"
"Majina yetu yameandikwa, shangazi."
"Majina tulikuwa nayo."
Ungo ukaruka, ukatua.
"Choo cha shule hakina mlango tangu Rajabu.
Wasichana huzibiana kwa leso."

Mheshimiwa hakujibu.
Alinitazama tu, nami nikafungua daftari:
milango minne, bawaba nane,
komeo za ndani. Nikapiga mstari chini ya "ndani".

Alfajiri, viatu tena mlangoni.
Mtu wa arubaini na mbili
amekuja kudai kura ile ile ya mwisho.
Mheshimiwa akamkaribisha, akammiminia kahawa,
akamshukuru kwa kura yake,
kisha akamwuliza kama anajua kupiga randa.