Pimamaji

Bi Ndekirwa alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne:
urefu, upana, kina, kioo cha milimita kumi.
"Nataka meza," akasema, "ya kuwabeba samaki wangu."
Nikacheka. Samaki, Nkuhungu!
Hapa tunaponunua maji kwa dumu,
hapa vumbi linapoingia mpaka ndani ya yai.

Halafu nikapiga hesabu, kicheko kikaisha.
Lita mia mbili na arobaini. Lita moja, kilo moja.
Madumu kumi na mawili juu ya miguu,
mchana na usiku, kiangazi na masika,
bila kushuka hata mara moja kupumzika.
Kitanda hubeba watu, lakini watu huamka.
Jeneza hubeba mtu safari moja.
Maji hayaamki.

Paini niliikataa. Paini ina ahadi nyepesi:
ikilowa inavimba, ikikauka inapinda.
Nikaenda kwa Chibago, ng'ambo ya reli,
nikachagua mninga uliolala kivulini miaka miwili,
nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika.
Bei yake ilinimezesha mate.

Misumari sikuweka. Msumari ni neno la haraka.
Nilichimba tundu kwa patasi, nikachonga ulimi,
ulimi ukaingia ukikataakataa,
na ndivyo unavyotakiwa:
kiingiacho kwa ulaini hutoka kwa ulaini.
Masima, mwanafunzi wangu, akauliza
kwa nini tujichoshe na viungo asivyoviona mtu.
Nikamwambia shika tochi.

Miguu sita, si minne,
maana boriti ndefu hulegea kiunoni.
Nyuma, ubao wa mshazari, ili isiyumbe.

Kisha nikatoa pimamaji.
Karakana nzima siku ile
haikuwa na maji mengine ila hayo:
tone la kijani ndani ya kijibomba cha kioo
na kiputo kikitafuta katikati.
Bomba la uani lilikuwa kavu tangu Jumatatu.
Kiputo kikakimbilia kushoto.
Nikapunguza miguu ya kushoto, unene wa unywele.
Kikarudi. Kikapitiliza.
Msasa, pumzi, msasa.
Kikatulia.

Alhamisi usiku bomba likakohoa.
Mama akaamsha nyumba nzima, tukakinga mpaka saa kumi,
na kabla ya kuyamimina pipani
nikayapandisha madumu kumi na mawili mezani.
"Sechelela, unayafanyia nini maji yangu?"
"Naipima, mama."
Wiki yetu yote ya kuoga na kupika na kufua
ikasimama juu ya mbao zangu.
Masima naye akapanda, akakaa juu ya madumu kama chifu.
Nikaweka sikio kwenye ubao.
Hata kilio.
Mama akapitisha kiganja pembeni, polepole.
"Hii ingenifaa mimi jikoni," akasema,
akaondoka na ndoo.
Bado sijamjibu.

Mwezi uliofuata ardhi ilijitikisa usiku,
kidogo tu, kama ng'ombe anayefukuza nzi;
vikombe vikagongana kabatini.
Ukuta wetu una ufa, na sikuuwaza.
Niliwaza ndimi zangu sita na sita
gizani, kwenye matundu yao, Area D.
Asubuhi simu: "Fundi, limemwagika kikombe kimoja.
Samaki wamekwisha sahau."

Jumapili nilikwenda kuikagua, mama akanifuata.
Hakuitazama meza.
Aliinama mbele ya kioo, kanga ikimteleza begani,
akayatazama yale maji yasiyopungua,
masafi, yenye taa yao wenyewe.
"Yote haya," akanong'ona, "na hakuna anayeyanywa."
Samaki mmoja wa rangi ya chungwa akasogea,
akafungua mdomo, akaufunga,
akafungua tena.