Pindo

Jicho la wavu wangu ni inchi mbili na nusu.
Nimelisuka hivyo miaka kumi na tisa, hapa Kigogo,
kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono
na kibao cha mninga kilichokwisha meno,
na hakuna aliyewahi kuulalamikia ila kutu.

Kisha akaja Bi Sikudhani, mfuga bata,
kiwanja chake kimeteremka mpaka ukingoni mwa Msimbazi.
Hakusalimia. Alibwaga mezani kipande cha kazi yangu mwenyewe,
kimejikunja kama mkeka ulioviringishwa na mlevi,
na kila jicho limeziba:
kizibo, ganda la muwa, mfuko wa nailoni,
kandambili ya mtoto, ya kushoto.

"Uzio wako umegeuka ukuta," alisema.
"Maji yalikuja, yakaukuta umefumba mdomo.
Yakausukuma. Ukaondoka na nguzo.
Nguzo zikaondoka na banda.
Bata kumi na mmoja."

Nikasema: nipanue jicho, takataka zipite.
Akasema: na kifaranga je, hana miguu?
Nikasema: basi nikaze. Geji kumi, nguzo za zege.
Akanitazama kama anayehesabu chenji pungufu.
"Unataka kushindana na mto, fundi?"

Sikuwa na jibu.
Mimi nafahamu kukaza. Fundi wa waya husifiwa kwa kukaza:
ukiugonga wavu wake kwa spana, uimbe.
Kulegeza sikufundishwa na mtu.

Akaondoka. Mbele ya karakana pana mtaro,
na usiku mvua ilikuwa imeujaza.
Akashika pindo la kanga kwa vidole viwili,
akalipandisha mpaka chini ya goti,
akavuka,
akaliachia.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Juu ya kupandisha pindo
hawakusema kitu.

Nikamwita Fidelis, tukakata wavu vipande viwili.
Cha juu kikae palepale, kigumu, na kiburi chake.
Cha chini, futi mbili, jicho la inchi moja,
kining'inie kwa pete za nondo ya milimita sita,
kiwe huru kufuata maji yanakoelekea,
na kwenye ukingo wake madumu matupu ya mafuta ya kupikia,
yafungwe vizibo, yaelee, yakinyanyue.
Ncha zote tukazikunja ndani. Zamani nilizisokota, zikachoma watu,
Fidelis ana kovu la kiganja linaloshuhudia.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu.
Tulimwaga ndoo nane mtaroni, watoto wakashangilia,
pindo likanyanyuka kinyume, likanasa, likabaki angani
kama mwanafunzi aliyeinua mkono akasahau swali.
Tukageuza pete. Tukapaka grisi.
Jaribio la nne halikushangiliwa na mtu:
maji yalipita tu.

Masika yakaja na hasira zake za kila mwaka.
Bi Sikudhani alipiga simu saa tisa usiku, hakuongea,
aliielekeza simu mtoni.
Nilisikia ngurumo, nikasikia madumu yakigongana, ko, ko, ko,
kitu kikubwa kikakwaruza chini, kikaenda zake.
Asubuhi akaniambia lilikuwa godoro,
na nyuma yake kiti cha plastiki cha miguu mitatu.
Nguzo zimesimama. Banda limesimama.

Alikuja Jumatatu na fedha zilizobaki
kasoro bei ya bata wawili.
"Mto uliingia ukatoka," alisema,
"nao wakadhani ni ruhusa."
Gunia lilikuwa limekaa chini ya pindo,
likaacha mwanya wa shubiri moja.

Sikubishana. Nilizihesabu, nikazitia mfukoni,
nikatafuta kalamu nyuma ya sikio la Fidelis
na juu ya mfuko wa saruji nikaandika:
pindo lishuke kwa uzito wake lenyewe.
Tia nondo ukingoni.
Nondo nzito kuliko gunia,
nyepesi kuliko mto.

Bado natafuta uzito huo.