Hili Halimo Kwenye Tiketi

Saa mbili asubuhi, gati la Kilwa Masoko.
Meli yao imebaki kule kwenye kina,
nyeupe kama jino la bandia.
Kumi na mmoja ni wangu. Nawahesabu vichwa,
nawafunga maboya, nawatajia jina mara mbili:
Somoe. Si Simone. So-mo-e.
Kibali cha Mambo ya Kale kina muhuri,
maji katoni moja, ndizi, biskuti.
Chande anavuta kamba ya injini. Inakohoa, inakubali.

Njiani wanaongea Misri.
Wiki tatu zilizopita walishuka bandari ya Safaga,
basi likawavusha jangwa tangu alfajiri,
wakaona nguzo ambazo watu sita hawazikumbatii,
wakateremka ngazi hadi kwa wafalme,
rangi bado mbichi ukutani
kama fundi ametoka kunywa chai.
Bi Hedwig, mwalimu mstaafu, ananionyesha kwenye simu
uso chini ya kioo,
mkavu, midomo imerudi nyuma kama ya ng'onda.
"Na wenu," anauliza, "wanaonekana?"
"Wetu tumewafunika."
Anatikisa kichwa. Sijui ni pole au hongera.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa nasema *huenda*.
Huenda bwawa hili la pembe nane lilikuwa la kuogea.
Huenda aliyelala hapa ni mwana wa sultani.
Kitabu cha ofisini kimejaa huenda
kama mchele wenye chuya.
Wageni hawapendi chuya. Nikazichambua.
Sasa bwawa ni la kuogea, maiti ni mwana wa sultani,
na bakshishi imepanda.

Msikiti Mkuu, ukuta wanaoupenda kwa picha.
"Karne ya kumi na nne," nasema,
mkono nimeunyoosha juu ya chokaa
yenye umri wa mtoto wa darasa la sita.
Usawa wa bega pana alama ya dole gumba.
La kaka yangu.
Mradi ulipokuja walitaka vibarua
wanaojua kuchoma matumbawe yakawa chokaa,
akalipwa kwa siku,
akalisahau dole kwenye ubichi. Au hakulisahau.
Wageni wanaligusa kwa zamu.
"Fikiria," wanaambiana, "miaka mia saba!"
Mimi nafikiria.

Makaburi ya masultani nayatolea salamu kimoyomoyo,
midomo ikiwa kwenye tarehe.
Kisha nawageuza kushoto.
Kulia, nasema, kuna upupu.
Upo kweli, kidogo.

Bi Hedwig hakusikia, au masikio yake yalichagua.
Namkuta kulia, mbele ya mawe mawili
na bakuli la bati lenye ua jekundu,
limechubuka, limeshikwa kwa saruji.
Wa kale wa pwani hii walichomeka makaburini
bakuli za Uchina.
Sisi tuliweka lile alilokuwa akilia wali.

"Na huyu ni wa nasaba gani?"

"Hili halimo kwenye tiketi."

Akafungua pochi. Alidhani nadai nyongeza.

"Rudisha, mama. Huyu ni Mfaume Malibiche. Fundi."
Akauliza alikufa kwa nini,
na nikajisikia nikisema:
huenda ini.
Huenda boti ya kumvusha hospitali ilichelewa mafuta.
Huenda alijua tangu Shaabani, akanyamaza
ili amalize ukuta.
Sikuchambua hata moja.

Hakupiga picha. Alitazama dole gumba langu,
pana, fupi, la ukoo,
akatazama tulikotoka.
Mwalimu ni mwalimu.

Chande anapiga filimbi: meli inang'oa nanga saa kumi.
Nahesabu: kumi.
Narudia kwa kidole, kama mtoto: kumi.
Wa kumi na moja yuko kule ukutani,
kofia mkononi, bega limegusa chokaa.

Namwachia dakika mbili.
Wengine wanauliza kama choo kipo.