Jiwe la Goma

Farasi mmoja mweusi alikosekana kisandukuni.
Mwamuzi akatoka nje, akaokota jiwe
lenye matundu, la mlima ule ule
uliomeza nyumba ya kina Kahindo.
"Hili ni farasi," akasema. Tukaitikia.

Mimi nilitoka Bukavu kwa meli ya usiku,
na hatua kumi za kwanza nilizokariri
hadi mama akanisikia nikizitaja usingizini.
Malkia wangu akatamba. Saa ikatafuna dakika.
Nikachunga kila kitu chenye uso.

Jiwe halina uso.

Kahindo, miaka tisa, kamasi puani,
akaliinua kwa vidole viwili, likaruka:
mfalme na malkia, wote kwa pigo moja.

Nikampa mkono.
Kiganja chake kikaniachia vumbi jeusi.
Sikunawa mpaka Bukavu.