Chumvi Kwenye Swichi

Orysia Hnatiuk ameegesha Buick yake mlangoni pa gereji,
theluji ya Machi ingali imeganda kwenye matope ya magurudumu,
na kabla sijafuta mikono ananieleza ugonjwa:
"Inashika, halafu inaachia.
Kama mtu anayekushika mkono huku anasinzia."

Anasema juu ya kishika-mwendo,
kile kidude kinachoupumzisha mguu
katika nchi hii iliyonyooka kama kamba ya mwashi,
Kindersley hadi Saskatoon, kilomita mia mbili,
ghala la ngano, kisha mbingu, kisha ghala jingine.
Mara tatu kwa wiki humpeleka Metro, mumewe,
akasafishwe damu kwa mashine.
Kifundo chake cha kulia kimevimba kama kitunguu.
Ananionyesha. Sikuomba, lakini ananionyesha.

Naanza na breki, mshukiwa wa kila siku:
swichi ya pedali ikisema uongo kwamba mguu upo,
gari huamini, huuachia mwendo.
"Kanyaga, mama." Wekundu unawaka ukutani.
"Ondoa." Unazima papo hapo, bila kusitasita.
Fyuzi nzima. Haya,
tusimfunge asiye na hatia.

Nachomoa waya wa betri, nangoja.
Usukani haufunguliwi kwa pupa:
nyuma ya nembo umelala mfuko wa hewa
na ukiuamsha vibaya utakutandika kofi la kukung'oa meno.
Dakika kumi. Tunakunywa kahawa.
Anasema jana mashine ilichukua saa nne,
Metro akalala mdomo wazi,
naye akahesabu vigae vya dari: mia moja na kumi na viwili.

Kisha nagusisha ncha za mita.
"Endelea": namba inasimama wima.
"Ghairi": inasimama.
"Weka": kitabu kinataka omu mia tatu,
yenyewe inapanda, inashuka, inapotea,
inarudi na habari nyingine kabisa,
kama shahidi aliyelipwa na pande zote mbili.
Nabonyeza tena, polepole, kwa pembeni.
Hapo.

Nakifungua kitufe kwa bisibisi ya saa
na ndani, juu ya shaba iliyoota kijani,
pana kipande cha ganda la mbegu ya alizeti
na unga mweupe.
Nauonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Orysia ananyamaza, kisha anacheka,
cheko la kukwaruza, kama injini
isiyowashwa tangu baridi ianze.
Miaka kumi na tisa Metro aliendesha gari hili
na mfuko wa mbegu katikati ya mapaja,
akitafuna, akitema maganda kikombeni,
akibonyeza kwa dole gumba lile lile.
Sasa daktari amemkataza chumvi, hata punje;
Orysia amepekua kabati, jaketi, soksi,
ametupa hadi matango ya siki ya dada yake.
"Kumbe nyingine ilikuwa humu," anasema,
"tunakwenda nayo hospitali na kurudi nayo."

Namweleza kweli: naweza kusafisha kwa spiriti,
itashika wiki moja, pengine mbili; shaba imekwisha liwa.
Swichi mpya itatoka Regina Alhamisi.
"Safisha. Na mpya niagizie.
Ila hiyo kuukuu usiitupe."
Ganda analifunga ndani ya risiti ya petroli,
analitia mkobani, upande wa dawa.

Kesho yake jioni ananipigia
kutoka kituo cha mafuta cha Rosetown.
Imeshika, anasema, njia nzima, haijaachia hata mara moja.
Nyuma yake nasikia mlango wa gari ukifunguliwa
na sauti ya mwanamume, nyembamba, ya hasira,
inayotaka fundi aambiwe
kwamba kilomita tisini na tano kwa saa
ni mwendo wa trekta.