Robo Saa

Tiketi inasema: Vadsø hadi Kirkenes,
kilomita arobaini hivi, robo saa.
Haisemi kitu kingine.

Mhudumu hana muda wa kuchemsha kahawa.
Anapita mara moja na kikapu cha peremende,
na kabla hujaimenya yako
magurudumu yameshatoka tumboni mwa ndege
kama miguu ya bata anayetaka kutua.

Kwa gari ni habari nyingine.
Ghuba imejichomeka nchi kavu kama ulimi,
nawe sharti uizunguke yote:
mwendo wa saa tatu, theluji ikikupenda, nne,
na kulungu wamelala katikati ya lami,
hawana haraka na mtu.

Nayajua haya. Miaka ishirini na miwili
nimesimama kwenye mizani ya mizigo,
nikiuza umbali huu kama wengine wauzavyo sukari.
Na kila Jumapili baba ananiuliza,
kana kwamba bei imebadilika:
"Hivi, Oddny, kwa Eilert ni mbali kiasi gani?"

Eilert ni mdogo wake.
Mama yao alipofariki waligawana jiko la chuma:
mmoja akaondoka na jiko,
mwingine akang'ang'ania mlango wake.
Miaka kumi na tisa, huku mlango usiofunga kitu,
kule moto usiofungika.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Lakini huku udongo umeganda miezi saba;
jembe litaingia wapi?

Novemba hii baba akaja kaunta amevaa tai.
Akaupandisha mlango kwenye mizani yangu
umefungwa kwa shuka la kitanda.
Kilo saba na nusu.
Sikuuliza. Nikabandika karatasi: Kirkenes.

Ndege ikapanda, ikavuka maji,
ikakuta mji umejifunika gubigubi.
Ikazunguka. Ikazunguka tena.
Dakika hamsini angani kwa safari ya robo saa,
kisha ikanirudishia baba yangu
na mlango, kibandiko changu kingalipo.
"Nimepita juu ya paa lake," akasema.
"Sikumwona, hakuniona. Kama kawaida."

Nikavua sare, nikawasha gari.

Tuliongea machache. Baada ya kanisa la Nesseby
alilala, mkono mmoja umerudi nyuma
kuushika mlango usiteleze kwenye kona.
Mimi nilihesabu nguzo za barabara,
nikaacha, nikaanza upya.

Ilikuwa karibu saa sita ya usiku.
Eilert alifungua, amejitanda blanketi,
nyuma yake cheche zikirukia sakafu ya bati.
Alilitazama shuka, hakumtazama baba.
"Umechelewa," akasema.

Baba akaangalia saa yake,
akaangalia angani, nyota zote zikiwa wazi.

"Ukungu," akasema.