Ubeti wa Tatu

Jumamosi, saa nne, darasa la kuazima.
Ubaoni zimebaki hesabu za jana: robo tatu toa nusu.
Sizifuti.

Wamekuja saba. Wanane, ukimhesabu mdogo wake Ambwene
ambaye nyumbani hakuna wa kumwachia.
Mvua ya Tukuyu iko juu ya bati, nasubiri ichoke.
Haichoki. Nasogeza kiti, napaza sauti:

Msiniletee "moyo wangu". Moyo kila mtu anao,
hata ng'ombe, na sokoni unapimwa kwa kilo.
Nileteeni jina la mtu aliyekuja kudai,
alikalia kigoda au alisimama mlangoni,
na ile chai mliyompa, ilikuwa na sukari?

Ipyana anaandika *sukari*. Anaipigia mstari. Mungu wangu.

Gitaa langu la kwanza lilikuwa galoni la mafuta ya kula,
nyuzi zake waya za breki za baiskeli ya mjomba Gwamaka,
naye akashuka nayo mteremko wa Kyimbila
bila habari.
Kovu analo hadi leo. Wimbo huo sijautunga.

Nimeimba arusi za Kyela, mbu wakiitikia.
Nimeimba Mwanjelwa juu ya meza ya muuza mitumba.
Nimeimba mkutano wa chama nisichokipigia kura,
wakanilipa fulana.
Nimelala stendi ya Makambako nimelikumbatia gitaa kama mgonjwa,
Julai, baridi ile inayoingia hadi kwenye soli.
Miaka ishirini na sita: kaseti nne,
na pasi ya umeme niliyopewa badala ya hela.
Pasi inafanya kazi.

"Mwalimu," anasema Tumpale, "tufundishe ule wa mama."

Ule.

Niliutunga Dar, chumba cha Manzese, nina miaka ishirini na miwili.
Prodyuza alisikiliza, akatafuna njiti, akasema:
mzuri, ila hauna machozi.
Nikamuua mama kwenye ubeti wa tatu,
mlangoni, na kibatari mkononi, akinisubiri.
Vina vilikubali. Vina havina dini.

Redio ikaufikisha hadi Masoko.
Mama yuko uani, anamenya majani ya maboga.
Majirani wakaja na kuni, na unga, na vilio
walivyovianzia njiani.
Akatoka, akajifuta mikono.
"Karibuni," akawaambia, "marehemu anapika."

Walicheka, wakala, kuni wakaziacha.
Mimi hakuniandikia mwaka mzima.
Kisha barua, mistari miwili:
*Zile kuni zimekwisha.
Njoo.*

Nikaja. Hatukuuzungumza. Nilichanja kuni.

Alipokufa kweli, alikufa mchana, wodini,
hakuna kibatari, hakuna mlango,
anauliza kama mbuzi amefungwa.
Makaburini wakaniomba ule wimbo.
Ubeti wa kwanza ukatoka. Wa pili nao, kwa kukohoa.
Wa tatu nilikuwa nimekwisha kuutumia, zamani,
kwa viatu vyekundu na kodi ya miezi miwili.
Nikasimama pale mdomo wazi.
Wanawake wakadhani ni kilio, wakanipokea.

Darasa kimya. Bati peke yake linasema.
Natafuta neno la kuwafaa hawa watoto,
wametembea kwenye matope kuja kunisikiliza.
Nasema tu: andikeni.
Na kama mtu wenu yu hai, muulizeni kwanza.

Wanainama. Kalamu zinaanza, moja, mbili.
Ipyana anatazama dirisha.

Mdogo wake Ambwene amenyoosha mkono,
kidole kimoja, kama walivyomfundisha chekechea.
"Kwani mbuzi alikuwa amefungwa?"

Mazishi yale, na miaka yote hii,
hakuna aliyeniuliza.
Sijui, namwambia.
Nachukua chaki. Chini ya robo tatu toa nusu
naandika: *mbuzi*.